Kisiwa cha Gharapuri: mawe yamebaki, majina yamepotea

Safari hii kwenye historia tunavuka Bahari ya Hindi. Tunaenda India, kwenye kisiwa kidogo kilicho ndani ya bandari ya Mumbai. Wenyeji wanakiita Gharapuri. Dunia inakijua kama Elephanta, na hilo jina la pili lina kisa chake, tutafika.

Ukitaka kwenda, unapanda boti pale Gateway of India, lile lango kubwa la mawe lililo ufukweni mwa Mumbai. Ni mwendo wa kilomita kama 10, kwa hiyo unakaa majini karibu saa moja. Kisiwani kuna vijiji vitatu: Shentbandar, Morabandar na Rajbandar. Umesikia hayo majina? Hiyo "bandar" ni ile ile bandari yetu. Neno limetoka Uajemi, na mabaharia wakalisambaza pande zote mbili za bahari. Kutoka gatini unapanda ngazi zaidi ya 100 mpaka juu kwenye mapango. Jumatatu panafungwa, usije ukaenda bure.

Sasa tuelewane vizuri. Tukisema mapango, si mashimo yaliyojitokeza yenyewe. Watu walichukua kilima cha jiwe gumu jeusi, jiwe la basalti, wakakichonga kwa ndani kwa nyundo na patasi. Hawakujenga kwa kuweka jiwe juu ya jiwe. Walitoa jiwe, na kile walichokiacha ndicho kikawa nguzo, ukuta, dari na sanamu. Fundi anayejenga nyumba akikosea tofali, analitoa anaweka jingine. Huyu wa pangoni akikata vibaya, basi, hakuna gundi ya kurudishia. Ilibidi nguzo zote ziwe kichwani mwao kabla ya pigo la kwanza.

Pango kubwa lina upana wa mita kama 39, na ni hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Ukutani kwa ndani kabisa kuna sanamu maarufu kuliko zote, kimo chake karibu mita 6. Ni Shiva mwenye nyuso tatu. Wa katikati umetulia, macho yamefumbwa. Wa kushoto kwako ni mkali, una masharubu na nyoka. Wa kulia ni mpole, karibu kama wa mwanamke, una ua la yungiyungi. Ukali, upole na utulivu, vyote kwa mungu mmoja. Pembeni kuna sanamu nyingine ya Shiva ambayo nusu ya mwili ni mwanamume na nusu ni mwanamke. Kisiwani kuna pia mabaki ya Wabudha. Yaani dini mbili zimeacha alama kwenye kilima kimoja.

Nani alifanya kazi hii? Wataalamu wengi wanaiweka karne ya 6, na wengi wanawataja wafalme wa Kalachuri, kwa sababu sarafu zao nyingi zimeokotwa kisiwani. Lakini hati ya kuthibitisha haipo. Na hapa ndipo habari inapotugusa sisi.

Wareno walikipata kisiwa mwaka 1534. Mwandishi wao Diogo do Couto ameeleza kwamba palikuwa na jiwe lenye maandishi juu ya mlango. Wareno walilitoa, wakalipeleka Ureno kwa mfalme wao. Walitafuta mtu wa kulisoma wakakosa. Baadaye jiwe lenyewe likapotea. Cheti cha kuzaliwa cha hekalu zima kilipotea hivyo.

Ni hao hao Wareno waliokuta sanamu ya tembo wa jiwe karibu na pwani, wakakipa kisiwa jina la Elephanta. Mwaka 1864 Waingereza walijaribu kumsafirisha tembo huyo kwenda Uingereza. Akaanguka, akavunjika vipande. Mwaka 1914 vipande viliunganishwa, na leo tembo amesimama Mumbai, nje ya jumba la makumbusho la Dr. Bhau Daji Lad. Tangu 1987 mapango yamo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ulinzi umekuja, ila sanamu nyingi zilikuwa tayari zimekatika mikono na miguu.

Wengi kwenye kundi letu tunajua maana ya kufika mahali bila karatasi. Cheti cha shule kimeungua, picha za familia zimebaki njiani. Mtu anakuangalia kama umeanzia pale kwenye foleni ya kujiandikisha. Mafundi wa Gharapuri nao hawana karatasi, lakini hakuna anayeingia pangoni akasema hawakuwepo. Kazi imewashuhudia. Majina yao, hata hivyo, hayatarudi tena, na hilo ni hasara kweli.

Sisi bado tuna nafasi. Wazee wetu wako hai, wengine wako jirani hapa hapa kambini. Muulize mmoja: kanisa la kwenu, msikiti, shule au daraja, nani alijenga? Fundi aliitwa nani? Mawe yalitoka wapi? Andika kwa daftari, halafu piga picha ya ukurasa umtumie na mwenzako, ili kimoja kikipotea kingine kibaki.

Na nyinyi wa mashirika, fomu zenu zinatuuliza tulikimbia lini na kwa sababu gani. Ongezeni hata mstari mmoja: kabla ya kukimbia, mlikuwa mmejenga nini?