Daftari la Mwaloni

Wazee wa kwetu hawakuhitaji daftari kujua kama samaki aitwaye ningu ameanza kupanda mto. Masika yakishachafua maji ya mto, ningu huliacha Ziwa Victoria akapanda kwenda kutaga, na watu wa kingoni walikuwa wakimngoja kwa migono na wigo wa matete. Mwaka aliopungua, kila nyumba ilijua, kwa kuwa kila nyumba ilimkausha akawa akiba. Hiyo ndiyo takwimu yetu ya kwanza, na ninaiheshimu kuliko nyingi zilizoifuata.

Nyavu za makila zilifika upande wa Kenya mwaka 1905. Kufikia miaka ya 1920 ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, alikuwa amepungua hata serikali ya kikoloni ikashtuka. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham, mtaalamu kutoka Uingereza, alilizunguka ziwa akipima, kisha akashauri tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Ushauri ukawa sheria, na katika miaka ya 1950 sheria hiyo ikafutwa upande wa Tanganyika na Uganda. Nyavu zilitegwa kwenye midomo ya mito, pale pale ningu anapopita akiwa amejaa mayai. Mwaka 1965 mtafiti D. A. Cadwalladr aliandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka, na jinsi uvuvi wa asili wa mto Nzoia ulivyodhoofika pamoja naye. Watu walioacha kusuka migono waliacha pia kumhesabu.

Furu, samaki wadogo wa ziwa hili, nao walikuwa na watu waliowahesabu. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, akiwamo Frans Witte, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza. Furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Mama zetu waliwatunga vijitini, wakawaanika, tukawala kwa ugali wa udaga. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950, alifurika ghubani kwetu miaka ya 1980, na watafiti wale wakajikuta wanaandika habari za kutoweka kwa samaki ambao wengi wao hawakuwa bado na jina la kisayansi. Hukadiriwa kwamba aina 200 hivi zilipotea. Vielelezo vyao vimehifadhiwa Leiden. Mwaloni hapakubaki hata orodha, na jambo hilo linaniuma.

Linaniuma kwa sababu kazi yangu ni orodha. Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, katika mwalo mmoja wa ghuba hii. Mitumbwi ikirudi alfajiri naandika kilo, bei, aina ya nyavu na idadi ya wavuvi. Sangara, sato na dagaa wana nafasi zao kwenye karatasi. Ningu akipatikana mmoja, mara nyingi huishia kwenye safu ya samaki wengine. Daftari langu linajua kinachouzwa. Kilichomo majini ni jambo jingine.

Ndiyo maana nilivutiwa sana na habari za vinasaba vya mazingira. Samaki huacha ute, magamba na kinyesi majini, na ndani yake mna vinasaba. Maji yakichujwa, maabara husoma kilichonaswa kwenye chujio. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa, Ficetola na wenzake, walionyesha kwamba chura mgeni kutoka Marekani angeweza kugunduliwa kwa maji ya bwawa tu. Uingereza ikaenda mbele zaidi: wananchi wa kujitolea walichota maji katika mabwawa 239 kumtafuta salamanda mwenye kishungi, na palipojulikana kuwa yupo, maji yalimtaja katika asilimia 91.3 ya mabwawa. Mwaka 2014 serikali yao iliikubali njia hiyo. Wachotaji hao hawakuwa wanasayansi. Walikuwa watu wenye kuyajua mabwawa yao.

Kwetu nisingeanza na furu. Ziwa hili lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na mamia ya aina za furu zimechipuka tangu hapo. Ni ndugu wa karibu mno, na vipimo vya kawaida vya vinasaba havitoshi kuwatenganisha. Kwa hao bado tunahitaji jicho la mvuvi na kielelezo mkononi. Ningu hana shida hiyo. Ana ukoo wake, ana msimu wake, na mito yake inajulikana. Maji hayatasema wako wangapi wala wana umri gani, na kwa kuwa mto hubeba, jibu litahusu pia sehemu za juu zaidi ya pale tulipochota. Lakini kama bado anapanda mto Simiyu au Mara, tutajua bila kumuua.

Kazi yenyewe inataka nidhamu ambayo wavuvi wanaiweza. Mkono ulioshika samaki asubuhi usiguse chupa bila glavu mpya. Maji yasichotwe karibu na mtumbwi wala pale tunapooshea samaki, bali mtoni, juu ya mwalo, masika yakiwa yameanza. Tarehe na jina la mahali viandikwe papo hapo. Kisha majibu yarudi, kwa Kiswahili, yabandikwe kwenye ubao wa mwalo panapoandikwa bei ya dagaa, hata kama jibu ni kwamba ningu hakuonekana.