Mgao wa Fedha, Mpaka Uliofungwa na Watu Waliobadilishwa: Hesabu ya Arusha ya 1983

Novemba 1983 marais watatu walikutana Arusha: Julius Nyerere, Daniel arap Moi na Milton Obote. Walikuja kumaliza mirathi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa miaka sita kabla, na mali na madeni yake yalikuwa bado hayajagawanywa. Walipoinuka, mgao ulikuwa umekubaliwa, na mpaka wa Kenya na Tanzania, uliofungwa tangu Februari 1977, ukatangazwa kuwa wazi tena.

Mwezi huohuo Tanzania iliirudishia Kenya askari wawili wa Jeshi la Anga, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, waliokimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya kijeshi siku ile ile jaribio lao la mapinduzi lilipozimwa, tarehe 1 Agosti 1982. Kenya nayo iliwarudisha Watanzania waliotuhumiwa kula njama ya kumpindua Nyerere na kutorokea Nairobi.

Habari hizi husimuliwa mbalimbali. Wachumi husimulia mgao, wanadiplomasia wakasimulia mpaka, na wanasheria wa haki za binadamu wakawasimulia wale askari. Mimi naziona kuwa habari moja, na chanzo chake ni mfuko wa fedha.

Mfuko huo ulianzia forodhani. Mwaka 1917 Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao, na Tanganyika ikaingia hatua kwa hatua hadi 1927. Bidhaa za Uganda zilishushwa Mombasa na ushuru wake ukalipwa hapohapo. Kanuni ilikuwa nyepesi kuitamka: ushuru uende kwenye nchi ambako bidhaa itatumika. Kuitekeleza ndiko kulikokuwa na kazi. Mfanyabiashara wa Nairobi aliagiza shehena nzima, akaifungua ghalani kwake, kisha akauza kidogo kidogo Kampala na Mwanza. Nani angefuatilia kila katoni ilikoishia? Kampala na Dar es Salaam zililalamika kwamba haki yao ilibaki njiani.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Viwanda vilipoanza kuota, vingi viliota Kenya, walikokuwa walowezi, mabenki na reli. Mganda aliyenunua bidhaa ya Nairobi badala ya ile ya Ulaya hakulipa ushuru wa forodha. Serikali yake ilipoteza mapato, naye mara nyingi alilipa bei ya juu kwa sababu kiwanda kile kililindwa na ukuta wa ushuru wa pamoja. Kwa hiyo soko la pamoja lilikuwa likihamisha fedha kimyakimya kutoka nchi mbili kwenda moja.

Waingereza waliliona hilo wakiwa wamechelewa. Tume ya Jeremy Raisman ilitoa taarifa yake mwaka 1961 na kupendekeza mfuko wa mgao. Asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na fedha, pamoja na asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa, viingie katika mfuko mmoja. Nusu ya mfuko igharimie huduma za pamoja, na nusu iliyobaki igawanywe sawa kwa sawa kati ya nchi tatu. Kwa kuwa Kenya ndiyo iliyochangia zaidi, theluthi yake ilikuwa ndogo kuliko ilichotia, na tofauti ile ilikuwa fidia kwa majirani.

Fidia ile ilikuwa ndogo mno kwa ukubwa wa malalamiko, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo hatukuipata tena: ilijiendesha. Waziri hakulazimika kuomba, wala rais kukubali. Kodi ikikusanywa, mgao unatoka.

Baada ya uhuru mfuko huo haukudumu. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba kila nchi itakuwa na sarafu yake. Tume nyingine ikaundwa chini ya Kjeld Philip wa Denmark, na kazi yake ikazaa Mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huo. Mfuko wa mgao ulifutwa. Mahali pake ikaja kodi ya uhamisho: nchi iliyouziwa bidhaa za viwandani nyingi kuliko ilizouza iliruhusiwa kuzitoza kodi bidhaa za jirani, isizidi nusu ya ushuru wa forodha wa nje. Ikaja pia Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, ambayo nchi zote ziliichangia mtaji sawa, lakini mikopo yake igawanywe kwa uwiano tofauti: Tanzania asilimia 38.75, Uganda 38.75, Kenya 22.5. Makao makuu ya mashirika yakasambazwa. Reli na ndege zikabaki Nairobi, bandari zikaenda Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala, na Jumuiya yenyewe ikaketi Arusha.

Mkataba ule uliweka kila uamuzi mkubwa mikononi mwa Mamlaka, yaani marais watatu wakikaa pamoja. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na tangu hapo Mamlaka haikukutana hata mara moja. Mawaziri na watumishi wa Jumuiya waliendelea kuvuta mkokoteni kwa miaka sita, lakini shirika likidai fedha zake kutoka nchi nyingine hapakuwa na kikao cha kuamua. Reli ilikosa fedha za matengenezo, na Shirika la Ndege likazama katika madeni. Mapema mwaka 1977 ndege za Shirika zilisimama na Kenya ikaunda shirika lake, Kenya Airways. Tanzania ikafunga mpaka na kuzuia magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wake. Magazeti ya Dar es Salaam yakawaita mabepari wa Nairobi manyang'au. Ilipofika tarehe 30 Juni 1977, mwisho wa mwaka wa fedha, hapakuwa na bajeti iliyopitishwa, na Jumuiya ikaishia hapo.

Kila nchi ikashika kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Katika Ziwa Victoria, MV Victoria na MV Umoja zikawa za Tanzania, MV Uhuru ikawa ya Kenya. Malori ya Kenya yaliyokuwa yakipeleka mizigo Zambia yalikosa njia.

Msuluhishi alipatikana: Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi aliyeletwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Alianza mwaka 1978 kwa kazi ya kihasibu kabisa, kuorodhesha na kuthamini vichwa vya treni, majengo, gati, ndege na mitambo ya simu. Katikati ya kazi hiyo Tanzania na Uganda zilipigana vita, Amin akaanguka, serikali za Kampala zikabadilika mara kadhaa, na Umbricht akaendelea na orodha yake. Nadhani ni miongoni mwa kazi za subira zilizosahauliwa mno katika historia ya kanda yetu. Mwishowe ikakubaliwa kuwa haki ya Kenya ni asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila nchi ibaki na ilichokishika, na Uganda, iliyojikuta na pungufu ya fungu lake, ilipwe fidia na wenzake. Mkataba wa usuluhishi ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984.

Hapo ndipo wanaporudi wale askari. Madola yalipokuwa yamenuniana, mtu aliyekimbia serikali yake alikuwa salama kwa sababu ya ugomvi tu. Nairobi na Dar es Salaam kila moja iliwahifadhi wapinzani wa mwenzake, na polisi wa nchi hizi jirani hawakuwa na sababu ya kusaidiana. Marais walipopatana, usalama ule ukayeyuka. Ochuka na Okumu walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kenya, wakahukumiwa kifo, wakanyongwa katika gereza la Kamiti Julai 1987. Watanzania waliorudishwa walishtakiwa kwa uhaini Dar es Salaam. Siwatetei waliochukua silaha. Jaribio la 1982 liliua watu wengi Nairobi. Ninachosema ni kwamba hatima yao iliamuliwa na hali ya hewa kati ya ikulu mbili.

Na wapo waliosahauliwa upande wa fedha vilevile. Mkataba wa 1984 uliipa kila serikali jukumu la kuwalipa pensheni raia wake waliotumikia Jumuiya. Nchini Tanzania maelfu ya wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisubiri hadi miaka ya 2000, wakaenda mahakamani, wakaandamana Dar es Salaam wakiwa wazee, na malipo yalipoanza mwaka 2005 wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mgao kati ya serikali ulikuwa na msuluhishi wa kimataifa. Mgao wa dereva wa treni na karani wa posta haukuwa na mtu.

Jumuiya ya sasa, iliyozaliwa kwa Mkataba wa 30 Novemba 1999, imejifunza mengi upande wa forodha. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, una sheria moja yenye vifungu zaidi ya 200, na tangu 2014 maofisa wa kodi wa nchi zisizo na bahari hufanya kazi Mombasa na Dar es Salaam ili ushuru ulipwe mzigo unapoingia. Lile suala la katoni iliyofunguliwa Nairobi limepata jibu. Upande wa polisi nao kuna hatua. Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana umoja wao, EAPCCO, ulioundwa Kampala mwaka 1998, na ofisi ya Interpol ya Nairobi ndiyo sekretarieti yake. Magari ya wizi, silaha haramu na biashara ya binadamu hufuatiliwa kwa operesheni za pamoja, na ni kazi njema.

Lakini linapokuja suala la mtu anayetakiwa na serikali yake, bado tuko 1983. Novemba 2024 mwanasiasa wa Uganda, Kizza Besigye, alitekwa Nairobi na siku chache baadaye akaonekana katika mahakama ya kijeshi Kampala. Hakupitia kwa hakimu yeyote wa Kenya, ingawa sheria ya Kenya ya kuwarudisha watuhumiwa katika nchi jirani inataka hati ya kukamatwa ithibitishwe na hakimu na mtuhumiwa afikishwe mahakamani. Afrika Kusini ilikwisha kulitolea uamuzi suala kama hilo. Mwaka 2001 Mahakama yake ya Katiba ilisema serikali ilivunja sheria ilipomkabidhi kwa Marekani Khalfan Khamis Mohamed, mtuhumiwa wa shambulio la ubalozi wa Dar es Salaam, bila kwanza kupata ahadi kwamba hatahukumiwa kifo. Na huyo alikuwa mtuhumiwa wa mauaji ya halaiki.

Bunge la Afrika Mashariki linakutana, na Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, mji uleule wa makubaliano ya 1983. Wabunge wetu waliweza kutunga sheria inayosema shehena ya ngano ipite kwa ofisa gani na kwa karatasi gani. Watunge na ya binadamu: asivushwe mpaka na polisi wa nchi yoyote kabla hajasimama mbele ya hakimu, marais wawe wamepatana au wamenuniana.