Mgawa barua na shahada ya haki jinai

Wadau, nimepotea kidogo, gazeti limenibana. Nimerudi na swali la mdogo wangu mmoja aliyemaliza kidato cha sita: "Kaka, Marekani kuna shahada ya haki jinai. Ukimaliza unakuwa polisi au mwanasheria?" Nilibabaisha jibu, kisha nikaenda kusoma. Kumbe Wamarekani wenyewe walishagombana sana juu ya swali hilo.

Habari inaanzia mji wa Berkeley, California. Mwaka 1905 wakazi walimchagua August Vollmer kuongoza askari wa mji. Kabla ya hapo alikuwa akigawa barua za posta, na kabla ya barua alikuwa mwanajeshi Ufilipino. Shahada hakuwa nayo. Enzi hizo, katika miji mingi ya Marekani, upolisi ulipatikana kwa kujuana na wanasiasa. Unapewa rungu, unaingia mtaani. Vollmer hakulitaka hilo. Mwaka 1908 akafungua shule ya askari wake, na mwaka 1916 masomo hayo yakaingia Chuo Kikuu cha California kama kozi za kiangazi. Watu waliwacheka "askari wasomi" wake. Mmoja wao, John Larson, alikuwa na PhD (ndiyo, askari mwenye PhD!) na mwaka 1921 alitengeneza mashine ya kupima uongo.

Mwaka 1950 chuo kikapata Skuli kamili ya Kriminolojia. Mkuu wake, O. W. Wilson, alikuwa mwanafunzi wa Vollmer, na mwaka 1960 aliondoka kwenda kuongoza polisi wa Chicago. Yaani daraja kati ya chuo na kituo cha polisi lilikuwa fupi mno.

Halafu zikaja fedha. Mwaka 1967 tume ya Rais Lyndon Johnson ilitaka polisi wawe na shahada. Sheria ya 1968 ikaleta mikopo: ukisoma kisha ukafanya kazi polisi, magereza au mahakamani, deni linafutwa kidogo kidogo. Vyuo vikachangamka, kila kona kozi. Nyingi zilikuwa mafunzo ya kazi yaliyovalishwa joho, na mwaka 1978 tume nyingine ilizikosoa vikali kwa ubora hafifu.

Berkeley nako kulikuwa kunachemka. Wahadhiri vijana kama Tony Platt walianza kuuliza mambo ambayo Vollmer hakuyaweka kwenye ratiba: sheria inatungwa kwa faida ya nani? Kwa nini magereza yamejaa maskini na weusi? Polisi naye anachungwa na nani? Platt alinyimwa ajira ya kudumu. Wanafunzi waliandamana kuitetea skuli yao, lakini mwaka 1976 ikafungwa. Sijui mwenzangu unalionaje, ila mimi ninayeshinda mahakamani na kijitabu changu naona maswali yale ndiyo yaliyostahili kuitwa shahada. Kuandika ripoti ya tukio unaweza kufundishwa kituoni kwa wiki mbili.

Jana nilimpigia mdogo wangu, nikamweleza yote, kuanzia posta hadi maandamano. Nikamshauri aangalie orodha ya masomo na wanaofundisha kabla hajajaza fomu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa kaka. Lakini mimi nilikuwa naulizia mshahara."