Kasi ya Wi-Fi
Kasi ya Wi-Fi ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde moja kati ya ruta na simu au kompyuta. Hupimwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps). Mbps 8 ni sawa na megabaiti 1 kwa sekunde.

Kasi iliyoandikwa kwenye kasha la ruta ni ya kinadharia. Kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009 hufikia Mbps 600 kwa antena nne, lakini simu yenye antena moja haizidi Mbps 150. Tena vifaa vyote hupokezana chaneli moja, na kuta na mabati hudhoofisha mawimbi.

Nyumba ya kijijini, kwa mfano katika kata ya Sapiwi mkoani Simiyu, ikitumia ruta yenye laini ya simu, haipati intaneti yenye kasi kuliko ile inayotoka mnarani.