Magurudumu ndani au nje? Ugomvi wa marubani usiokwisha

Novemba 23, 2026 inatimia miaka 30 tangu Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iangukie baharini jirani na Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, akiwamo Mohamed Amin, mpigapicha mzaliwa wa Nairobi aliyeanzishia kampuni yake ya picha, Camerapix, Dar es Salaam. Ndege ilikuwa imetekwa: watekaji watatu walitaka kupelekwa Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakusikia. Injini zote mbili zikazimika angani.

Leul aliacha magurudumu ndani. Juu ya maji hakuna ubishi: gurudumu likitangulia kugusa, linanasa na ndege inaweza kupinduka. Lakini vibawa vya kupunguza mwendo havikufanya kazi, na mtekaji alikuwa akimvuruga hadi dakika za mwisho. Ndege ilifika majini kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, bawa la kushoto likagusa kwanza, ikakatika vipande. Hata hivyo 50 walitoka hai, Leul na msaidizi wake Yonas Mekuria wakiwamo. Wapo waliohimili kishindo, wakafa kwa sababu walijaza upepo makoti ya kuokolea wangali ndani. Maji yalipoingia, makoti yakawabana darini.

Ugomvi wenyewe uko nchi kavu. Magurudumu ya kukunjwa yalionekana kwenye mbio za ndege za Gordon Bennett, Ufaransa, mwaka 1920, yakaenea miaka ya 1930. Kitabu cha Cessna 210 kinaagiza hivi: injini ikizima, toa magurudumu, ardhi ikiwa mbovu au laini, yaache ndani. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, unakataa kutoa amri moja, kisha unaelekea kwingine kabisa. Penye mabonde na miti, unasema, magurudumu yaliyo nje huikinga sehemu ya abiria, ingawa yakivunjika yanaweza kupasua tangi la mafuta. Kutua kwa tumbo unakuachia shamba tambarare lenye udongo laini au lililolimwa.

Mimi nawaunga mkono FAA. Anayeruka kati ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, ana kila aina ya ardhi chini yake: vilima vya miombo, matuta ya mihogo na maharage, na mashariki vinamasi vya Moyowosi. Amri moja haimsaidii. Tena Cessna Caravan, inayotumika sana kwenye viwanja vidogo, magurudumu yake hayakunjwi kabisa. Rubani wake anachagua mahali pa kutua tu.

Hayo ni ya marubani; sisi abiria nasi tuna la kujifunza. Aprili 9, 2012, ndege aina ya Dash 8 ya Air Tanzania iliacha njia ikijaribu kuruka kutoka Kigoma. Wote 39 walipona, tukashukuru Mungu, yakaishia hapo. Elimu kwa abiria imebaki ile ya mhudumu anayesimama mbele huku watu wakichezea simu.

Siku utakayopanda ndege, msikilize. Koti la kuokolea livae ukiwa ndani; upepo ulijaze ukishatoka mlangoni.