Mkusanyo wa Weule

Mkusanyo wa Weule ni hazina ya vitu, picha, michoro na sauti ambayo mwanaethnolojia Mjerumani Karl Weule (1864–1926) aliikusanya mwaka 1906 katika nchi ya Masasi, Newala na Mahuta, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo. Vitu vilikwenda kwenye makumbusho ya ethnolojia ya Leipzig, ambako Weule alikuwa mtumishi na baadaye mkurugenzi. Sauti zilifika Berlin, kwenye hifadhi ya rekodi za muziki wa dunia.

Safari haikupangwa kuelekea kusini. Weule alikusudia kwenda Kondoa Irangi, lakini kwa kuwa huko hakukuwa shwari, akateremkia Lindi. Kusini nako vita vya Majimaji, vya kuupinga utawala wa Kijerumani, vilikuwa vimepita karibuni tu: mnamo Agosti 1905 misheni ya Masasi, iliyoanzishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, ilikuwa imeteketezwa. Weule alitembea na askari wa serikali ya Kijerumani, na jambo hili halifai kusahauliwa na anayeutazama mkusanyo wake. Alilipa kwa hela alivyovinunua, ni kweli. Ila mwenye kinyago aliyeulizwa bei mwaka ule, bunduki zikiwa uani, hakuwa na uhuru wa muuzaji wa sokoni.

Mwenzake wa safari alikuwa Nils Knudsen, Mnorwe aliyekaa muda mrefu na Wayao na kuijua lugha yao. Kituo chao kimoja kikuu kilikuwa Chingulungulu, kwa mwenye mji wa Kiyao aitwaye Matola. Kutoka huko walipanda Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali penye baridi na upepo wa jioni, ambapo wanawake walishuka bondeni kwa miguu kutafuta maji na kupanda tena na mitungi kichwani.

Miongoni mwa vitu vilivyokusanywa mna vinyago vya ngoma, ndonya za mdomo wa juu, na vikopo vidogo vya mbao vya kutilia ugoro, baruti au dawa, vifuniko vyake vikiwa vimechongwa kichwa cha mtu. Ustadi wa vifuniko hivyo unatosha kumsahihisha yeyote anayedhani kwamba Wamakonde walianza kuchonga sanamu baada ya kukutana na wanunuzi wa Kizungu.

Sehemu yenye thamani kuliko zote, hata hivyo, ni michoro na sauti. Weule aliwapa watu karatasi na penseli wachore walichotaka. Mmoja wa waliochora ni Pesa Mbili, mnyampara wa wapagazi wake. Katika michoro hiyo mkono ni wa mwenyeji, na macho yaliyochagua kitu cha kuchorwa ni yake pia. Sauti nazo zilinaswa kwa fonografu, mashine inayochora mtetemo wa sauti kwenye silinda ya nta. Silinda moja ilichukua dakika chache tu, kwa hiyo ngoma ya usiku kucha ilibaki kipande. Wapagazi wa Kinyamwezi waliimba mbele ya tarumbeta ya chombo hicho, na mwaka 1909 mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo zao, mojawapo ya kazi za mwanzo za kitaalamu kuhusu muziki wa Afrika Mashariki.

Weule alisimulia safari yake katika kitabu cha Kijerumani cha mwaka 1908. Mwaka uliofuata kilitoka kwa Kiingereza kwa kalamu ya Alice Werner, aliyekuja kufundisha Kiswahili London. Kitabu kina maelezo mengi ya unyago, ufinyanzi na ujenzi. Kina pia dharau ya zama zake, na msomaji wa Newala ana haki ya kukasirika anapoikuta.

Desemba 1943 mabomu yaliliunguza jengo la makumbusho ya Leipzig, na sehemu ya hazina zake ikapotea. Mkusanyo wa silinda za Berlin uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Kwa hiyo sauti za watu walioimba mwaka mmoja baada ya Majimaji kuanza zimehifadhiwa ng'ambo, maelfu ya kilomita kutoka Masasi, ambako wajukuu wa kizazi kile wangeweza kuyatambua maneno yake.