Maelekezo ya Nyongeza: Juri Linapomuuliza Jaji

Nchini Marekani, wanajuri wa kesi ya jinai wakishajifungia kushauriana, huwasiliana na jaji kwa kikaratasi. Kiongozi wao huandika swali na kumkabidhi askari wa mahakama aliye mlangoni. Jaji hulisoma mbele ya mshtakiwa na mawakili wa pande zote, husikiliza maoni yao, ndipo huwarudishia wanajuri kile ninachokiita maelekezo ya nyongeza.

Nasema maelekezo, sisemi jibu, kwa sababu ya mipaka ya kazi. Kuamua nani amesema kweli ni kazi ya wanajuri. Sheria ni ya jaji. Wakisahau shahidi alisema nini, jaji anaweza kuagiza ushahidi wake usomwe tena. Kama shahidi huyo anaaminika, hilo hawezi kuwaamulia.

Neno juri nimeliacha na umbo lake la mkopo badala ya kulitafsiri. Wapo wanaolitafsiri kuwa wazee wa baraza, lakini wazee wa baraza wa Mahakama Kuu ya Tanzania, wanapotumika, ni washauri: jaji huwapa majumuisho ya kesi, nao hutoa maoni waziwazi, mmoja mmoja, na jaji hafungwi nayo. Kenya ya kikoloni ilikuwa na vyote viwili, vikitenganishwa na rangi: Mzungu alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri la Wazungu wenzake, Mwafrika alisimama mbele ya jaji na washauri. Istilahi inayochanganya mambo haya mawili inaifuta historia hiyo.

Neno zito zaidi ni nyongeza. Katika kesi ya Bollenbach, wanajuri walikuwa wameshauriana kwa saa 7 bila kuafikiana. Walipouliza, jaji aliwapa kanuni potofu kuhusu mtu anayekutwa na mali ya wizi, na dakika 5 baadaye wakarudi na hatia. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo. Jaji Frankfurter aliandika kwamba juri likishaeleza wazi linapotatizika, jaji ana wajibu wa kuliondolea tatizo hilo kwa usahihi. Dakika 5 zile zinaonyesha uzito wa neno la mwisho la jaji kwa watu waliochoka.

Kesi ya Weeks, ya Virginia, inanisumbua zaidi. Wanajuri waliuliza: tukiridhika kwamba angalau sababu moja ya kuongeza adhabu imethibitishwa, je, tunalazimika kutoa adhabu ya kifo, au bado tuna hiari ya kuchagua kifungo cha maisha? Sheria iliwapa hiari hiyo, na neno moja lingetosha. Jaji aliwaelekeza tu kwenye aya ya maelekezo waliyokuwa nayo tayari. Baada ya zaidi ya saa 2 walirudi na adhabu ya kifo, wengi wao wakitokwa machozi. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani iliidhinisha matokeo hayo kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema kwamba juri huchukuliwa kuwa limeyaelewa maelekezo. Mimi niko upande wa wale wanne: anayeuliza maana ya aya fulani ameshaisoma.

Kwa hiyo kitendo kile cha jaji wa kesi ya Weeks nakiita marejeo ya maelekezo. Jina la nyongeza naliweka pale tu jaji anapowaambia wanajuri jambo ambalo hawakuwa nalo walipoandika kikaratasi chao.